Jina Lililo Kwenye Katoni

Muulize mwanafunzi wa sekondari hapa Lubumbashi ni lini shaba ilianza kuyeyushwa katika nchi hii. Mara nyingi atakutajia Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906. Atakumbuka kwamba mji wenyewe ulianzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, na kwamba mwaka uliofuata, 1911, kiwanda cha kuyeyushia madini kikatoa shaba yake ya kwanza. Tarehe zote hizo ni za kweli, na jibu zima ni kosa. Hizo ni tarehe za kampuni. Shaba ya Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Kongo, ilikuwa imekwisha yeyushwa kwa mamia ya miaka kabla Mbelgiji wa kwanza hajaukanyaga udongo huu.

Nimewasikia watu wazima, wenye diploma zao, wakisema kwamba bila Mzungu tungekuwa bado tumelala juu ya utajiri tusioujua. Hawasemi kwa nia mbaya. Ndivyo walivyofundishwa, na ndivyo mji wenyewe unavyojisimulia: bomba refu la moshi, mlima mweusi wa mabaki ya madini, reli, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kwa mistari. Kila kinachoonekana kimejengwa na kampuni. Kilichokuwapo kabla kiko chini ya ardhi, na lazima ukichimbe ndipo ukione.

Kimechimbwa. Mwaka 1957 na 1958 Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walifukua makaburi ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, na miaka ya 1970 Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo. Walikuta vyombo vya udongo vya ustadi mkubwa, mapambo ya shaba, na katika makaburi ya kuanzia karibu karne ya 13 wakakuta misalaba ya shaba, hii hii ambayo Lubumbashi nzima tunaiita croisette. Ile ya mwanzo ni mikubwa, imelazwa juu ya kifua cha marehemu. Inayofuata ni midogo, imewekwa karibu na mikono au kiunoni, na kadiri karne zinavyosogea ndivyo inavyozidi kupungua na kulingana ukubwa. Ukiipanga kwa mfuatano wake unaona kitu cha heshima kikigeuka pole pole kuwa pesa. Mtu anayetengeneza pesa anapima, anahesabu, na ana wateja wanaojua msalaba mzima na uliopunjwa. Tena bonde la Upemba lenyewe halina madini ya shaba. Shaba ile ilipelekwa kutoka huku kusini, kwa miguu, mwendo wa siku nyingi. Kwa hiyo makaburi yale yanatuonyesha wayeyushaji, na nyuma yao wabebaji, wanunuzi na soko.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa kazi ya kiangazi. Mavuno yakiisha, watu walikwenda kwenye vilima vyenye jiwe la kijani, malakiti, wakalichimba, wakalichambua kwa mkono na kuliponda. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule unastahimili moto. Makaa ya mti mgumu yakapangwa pamoja na jiwe, mivukuto ya ngozi ikapuliza kupitia mirija ya udongo, na shaba iliposhuka ikaongozwa kwenye kalibu iliyochongwa mchangani. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na moto wa kuni wa kupikia haufiki huko. Tena joto peke yake halitoshi: gesi inayotoka kwenye makaa ndiyo inayolinyang'anya jiwe oksijeni yake na kuiacha shaba tupu. Makaa yakipungua au hewa ikizidi, unapata uchafu badala ya chuma chekundu. Walioijua kazi hii waliijua kwa kipimo, hata kama kipimo chao hakikuandikwa kwenye daftari.

Mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipofika Katanga mwaka 1892, alikuta mashimo ya wachimbaji yakiwa wazi mbele yake. Kalukuluku, ambayo baadaye iliitwa Étoile na kuwa mgodi wa kwanza wa Union Minière, ilikuwa mgodi tayari. Miaka zaidi ya 80 kabla ya Cornet, wafanyabiashara wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walikatiza bara kutoka Angola hadi Tete, na katika kumbukumbu za safari yao yametajwa mawe ya kijani ya Katanga. Katanga ilipojitangazia utawala wake mwaka 1960, iliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera, na 1961 ikaupiga msalaba huo huo kwenye sarafu. Yaani alama tunaikumbuka vizuri sana. Kazi iliyoizaa alama ndiyo tumeisahau, na sasa tunauangalia ule msalaba kama pambo la ukutani.

Nimekaa sana kwenye shaba kwa sababu kosa hili lina sura yake, na ukishaizoea sura hiyo kwenye shaba unaitambua mahali pengi. Uvumbuzi tunampa yule aliyeusajili, aliyeupigia muhuri, aliyebandika jina lake kwenye katoni. Waliotangulia bila katoni wanabaki kuitwa "wenyeji" tu, watu wasio na jina wala mwaka.

Wala kosa hili haliwapati Waafrika peke yao. Mchezo wa Monopoly, ule wa kununua viwanja na kutoza kodi, kwa miaka mingi ulisimuliwa kuwa umebuniwa na Charles Darrow, Mmarekani aliyekosa kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, akauza mchezo wake kwa Parker Brothers mwaka 1935 na kutajirika. Hadithi tamu, nayo iliuza mchezo. Lakini aliyeubuni ni mwanamke, Lizzie Magie, na hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ni ya mwaka 1904. Aliutengeneza ili watu waone kwa macho yao jinsi kodi ya ardhi inavyomnenepesha mwenye kiwanja na kumkausha mpangaji. Mchezo ukasambaa kutoka nyumba hadi nyumba, watu wakichora mbao zao wenyewe, mpaka ukamfikia Darrow. Kampuni ilipogundua kwamba hataza ipo, ilimlipa Magie dola 500 na mambo yakaishia hapo. Ukweli ulitoka hadharani miaka ya 1970 kwa sababu ya kesi: profesa wa uchumi, Ralph Anspach, alikuwa ametoa mchezo wake wa kuupinga ule, kampuni ikampinga kwa sababu ya jina, wakafikishana mahakamani, naye katika kujitetea akafukua nyaraka za zamani.

Kesi ya Magie inanifundisha jambo ambalo wengi wetu hatulitaki. Tunapenda kusema kwamba Waafrika walipokonywa sifa kwa sababu hawakuandika. Magie aliandika, alisajili, aliishi katika nchi ya hataza na mahakama, na bado jina lake lilifunikwa kwa miongo minne. Katoni ilikuwa na nguvu kuliko karatasi ya serikali. Atakayetaka kujua chanzo cha kitu hana budi kupita nyuma ya muuzaji, na kazi hiyo ni ngumu kila mahali.

Chukua Ludo. Mtaa wa Kenya, Katuba, Kamalondo, popote hapa Lubumbashi utaikuta: ubao uliopakwa rangi nne, kioo juu yake, dadu kwenye kikopo, na siku hizi vijana wanaicheza kwenye simu. Wengi wanaamini ni mchezo wa Waingereza, na hataza ya Kiingereza ipo kweli, ya mwaka 1896. Ila mchezo wenyewe ni pachisi ya India, uliochezwa kwenye kitambaa chenye umbo la msalaba, na mahali pa dadu walirusha kauri. Huko Fatehpur Sikri, mji uliojengwa na mfalme Akbar katika karne ya 16, uwanja wa kasri una mchoro wa pachisi sakafuni. Waingereza walipunguza kanuni, wakaweka dadu, wakauza. Sataranji nayo ilitoka India kaskazini karibu karne ya 6, ikapita Uajemi, Waarabu wakaipeleka Ulaya. Karata zilianza China, zikafika Misri ya Wamamluki, na Ulaya zinaanza kutajwa miaka ya 1370. Mfalme mwenye ndevu na malkia tunaowajua ni nguo za Kifaransa zilizovishwa mchezo wa mbali.

Dama inanigusa zaidi, kwa sababu ni mchezo wa wanaume wa mji huu, chini ya mwembe au mwavokado, vizibo vya bia upande mmoja na vya soda upande wa pili, vya huku vimelala na vya kule vimegeuzwa. Huu nao una mchanganyiko wake. Ubao ni wa sataranji. Namna ya kuruka na kula inafanana na alquerque, mchezo wa Waarabu uliofika Hispania pamoja nao. Na inaelekea viwili hivyo viliunganishwa Ufaransa katika zama za kati. Basi ni wa nani? Mimi nitajibu kwa kumtaja Baba Sy wa Senegal. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiwashinda mabingwa wa Ulaya kwenye ubao wa miraba 100, mechi yake ya kugombea ubingwa wa dunia haikuwahi kuchezwa, na mwaka 1986, akiwa amekwisha fariki, shirikisho la dunia likamtambua rasmi kuwa bingwa wa 1963 na 1964. Hakuna anayeweza kusema Baba Sy alikuwa mgeni katika mchezo ule. Kujua mchezo umeanzia wapi hakumpi mtu wa hapo ushindi, wala hakumnyimi mtu wa mbali.

Sasa njoo kwenye mchezo ambao kweli tuna haki ya kuusemea. Waluba na Walulua wanauita kisolo: safu nne za mashimo, kwenye ubao au ardhini, na mbegu zinazogawanywa shimo kwa shimo. Pwani ni bao, Rwanda ni igisoro, Afrika Magharibi una majina yake mengi. Mwaka 1940 Mmarekani mmoja, William Julius Champion, alitengeneza namna yake ya mchezo huu, mashimo sita kila upande na ghala moja kwa kila mchezaji, akauita Kalah, akaufungulia kampuni, na miaka ya 1950 akapata hataza. Leo mtoto wa mjini anayeukuta kwenye simu au kwenye duka la michezo anakutana kwanza na toleo lile la mashimo sita, na anaweza kukua akidhani ndio mchezo wenyewe. Babu yake anayecheza safu nne huko Kasai anachukuliwa kuwa anacheza "cha kijijini". Nasema wazi kwamba hesabu ya safu nne ni nzito zaidi, maana mbegu ulizozipoteza na ulizoziteka zinabadilisha safu zako za nyuma pia, na mchezaji hodari anaona mizunguko kadhaa mbele. Kilichowekwa kwenye katoni ni kile chepesi kuelezwa kwenye karatasi moja.

Hata hivyo nisingependa tukurupuke kusema mchezo huu ulizaliwa Kongo. Mabaki ya kale ya mchezo huu yamepatikana Matara huko Eritrea na Yeha huko Ethiopia, ya karibu karne ya 6 na 7, na unachezwa pia Arabuni, India na Indonesia. Na Wakuba wa Kasai, ambao wana sababu zote za kujivunia, wanasimulia kwa uaminifu mkubwa. Mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, amechongwa kwenye sanamu ya mbao akiwa amekaa, na mbele yake kuna ubao wa mchezo. Sanamu hiyo iko British Museum, London, tangu 1909. Ubao uliwekwa pale kwa sababu wanamkumbuka kuwa ndiye aliyewaletea mchezo huo. Wanasimulia kwamba kabla ya kutawala alisafiri magharibi, akajifunza mengi kwa watu wengine, akarudi nayo. Sifa waliyompa mfalme wao ni ya kujifunza na kufundisha, nao hawakuona kwamba inampunguzia utukufu. Nikisoma mabishano ya leo mitandaoni, nadhani Wakuba wa karne ya 17 walikuwa na akili pana kuliko sisi.

Tuiangalie na nguo. Mama mmoja anayeuza bikwembe, yaani vitenge, soko la mtaa wa Kenya aliniambia, "Papa, hiki ni cha Afrika kabisa, kitu yetu hii." Nilimwelewa, na kwa upande mmoja ana haki. Lakini ufundi wa kuzuia rangi kwa nta ni batiki ya Java. Waholanzi waliotawala Java walijaribu kuutengeneza kwa mashine ili wawauzie Wajava wenyewe kwa bei rahisi, na kiwanda cha Helmond kilichoanzishwa mwaka 1846, kinachoitwa Vlisco leo, ni mmoja wa watoto wa biashara hiyo. Mashine ziliacha mistari myembamba pale nta ilipopasuka, Wajava wakaiona ni kasoro. Wanunuzi wa Afrika Magharibi wakaipenda. Tangu hapo, mitindo imefuata macho ya akina mama wa masoko yetu: wao ndio walioamua kipi kinunuliwe na kipi kibaki rafuni, wao ndio walioipa michoro majina kama "Mon mari est capable", na jina ndilo lililouza kitambaa. Siku hizi sehemu kubwa inatoka China. Mkono wa Java, mashine ya Uholanzi, jicho la mama wa sokoni: ukimtoa mmoja, kitenge unachokijua hakipo. Ninachokiona ni dhuluma ni kwamba tukishasema kitenge ndicho kitambaa cha Afrika, hatuna tena nafasi ya kukikumbuka kitambaa cha rafia cha Wakuba, kile ambacho wanaume wanafuma na wanawake wanatarizi mpaka kinakuwa na manyoya kama mahameli. Kile kilizaliwa na kukua hapa Kongo, na hapa Lubumbashi ni vijana wachache sana walioshika kipande chake mkononi.

Na bukari, ugali wetu? Mahindi yalitoka Meksiko, muhogo ulitoka Amerika Kusini ukaletwa na Wareno tangu karne ya 16. Sipunguzi hata tonge.

Kuna upande wa pili wa kosa hili, na unaniumiza zaidi kwa sababu unafanywa kwa jina la kututetea. Kila wiki inazunguka WhatsApp picha yenye orodha ya vitu ambavyo "walituibia": taa ya umeme, simu, hisabati, kila kitu. Hasira iliyomo naielewa na naishiriki. Mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba watu wake hawakubuni chochote anakuja kushika chochote kinachosema kinyume. Lakini orodha zile zina uongo mwingi, na uongo ule unatuharibia ushahidi mzuri tulio nao.

Mfano ni mfupa wa Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga, Kivu ya Kaskazini. Ni kifupa cha sentimita kama 10, kimepachikwa kipande cha kwatzi kwenye ncha, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi. Juu yake kuna safu tatu za chale. Safu moja ina mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Jumlisha, unapata 60. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9, nayo inatoa 60. Safu ya tatu ina mafungu manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Angalia mwanzo wake: 3 ikifuatwa na 6 ambayo ni mara mbili yake, 4 ikifuatwa na 8, halafu 10 ikifuatwa na 5 na 5. Mtu aliyechora vile hakuwa anapitisha muda. De Heinzelin alifikiria mchezo wa hesabu. Alexander Marshack alifikiria kalenda ya mwezi.

WhatsApp inasema: "Wakongo walivumbua hisabati na namba tasa." Ni kweli kwamba 11, 13, 17 na 19 ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Lakini kuijua namba tasa ni kujua kugawanya na kuona kwamba haigawanyiki, na safu nyingine za mfupa hazionyeshi kwamba mchoraji alilitafuta jambo hilo. Wala mfupa huu sio wa kwanza: ule wa Lebombo, uliopatikana kusini mwa Afrika wenye chale 29, ni wa zamani zaidi, wa miaka kama 40,000. Sasa fikiria kijana aliyejivunia ile posti, akaingia chuoni, mwalimu akamwonyesha kwamba imetiwa chumvi. Kijana yule ataitupa posti pamoja na mfupa. Atatoka darasani akiamini kwamba kumbe hata Ishango ni hadithi za kujifariji. Wakati ukweli unatosha, na unazidi kutosha: miaka 20,000 iliyopita, kando ya ziwa letu, kuna mtu alipanga idadi kwa makusudi na kuziweka kwenye mfupa ili zisipotee. Mfupa uko Brussels, kwenye jumba la sayansi ya viumbe. Hilo ndilo la kudai, na huwezi kulidai vizuri kama unalisimulia vibaya.

Tena jirani na Ishango, mahali panapoitwa Katanda, kando ya Semliki huo huo, zilipatikana ncha za mfupa zenye meno, za kuvulia samaki wakubwa, ambazo waliozichunguza wanazikadiria kuwa na miaka kama 80,000 hadi 90,000. Ulaya, ncha za aina hiyo zinaonekana makumi ya maelfu ya miaka baadaye. Chusa, chombo anachokijua mvuvi yeyote wa Edward au Tanganyika, kinaweza kuwa na babu yake hapo. Sijawahi kuiona Katanda kwenye orodha yoyote ya WhatsApp.

Orodha hizo hizo hupenda kusema taa ya umeme ilibuniwa na Lewis Latimer, Mmarekani mweusi, na kwamba Edison alimwibia. Latimer alikuwa mtoto wa watumwa waliotoroka, alijifundisha kuchora michoro ya kiufundi, na mwaka 1882 alipata hataza ya njia bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni za ndani ya taa. Kufikia 1879 Joseph Swan wa Uingereza na Edison wote walikuwa wamekwisha onyesha taa zao. Kwa hiyo Edison hakuwa peke yake, na kitabu cha shule kinachosema alikuwa peke yake kinakosea. Na Latimer alifanya kazi yake halisi, ambayo ina namba na tarehe. Kumpa taa nzima ni kumfuta Latimer aliyeishi na kuweka mwingine wa kubuni.

Nasema haya yote nikiwa na wasiwasi juu ya yanayotokea sasa, mbele ya macho yetu. Chukudu ya Goma, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ilianza kuonekana miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ulipoanza kuyumba. Magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, usukani, ubao mrefu wa kubebea, mahali pa kuweka goti. Inashusha viazi na makaa kutoka vilimani mamia ya kilo kwa safari moja, bila mafuta, na ikivunjika inatengenezwa kando ya barabara kwa panga na misumari. Goma imeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Ni uvumbuzi wa karibu nusu karne tu, na hakuna kitabu kinachotaja jina la aliyetengeneza ya kwanza. Nusu karne! Katika muda huo tumepoteza kile ambacho tunawalaumu wakoloni kwa kukipoteza.

Kinshasa wamefanya vizuri zaidi. Roboti za kuongoza magari zilizoanza kusimama barabarani 2013, zile kubwa za alumini zenye nishati ya jua na kamera, zina jina la mhandisi wake: Thérèse Izay, Mkongomani. Bado nakutana na watu wanaoamini zimeagizwa kutoka China, lakini ukitaka kuwasahihisha una jina, una mwaka, una picha zake akiwa karakana. Mjadala unaisha hapo. Sheria ya mali ya viwanda tunayo tangu 7 Januari 1982, na mafundi wetu wanaweza kuitumia, ingawa najua foleni na gharama zinazowangoja maofisini. Kwa fundi asiye na pesa ya kusajili, picha yenye tarehe na jina lililoandikwa ni mwanzo wa ushahidi.

Kwa chukudu muda bado upo. Waliokuwa vijana wa miaka 20 wakati ule wana miaka 70 na kitu leo, na baadhi yao wako Goma, Sake, Kibumba na Rutshuru. Walimu wa historia wa Kivu wanaweza kuwapa wanafunzi wao kazi hiyo muhula huu, kwa simu inayorekodi sauti. Maswali ya kuwauliza si magumu: Mzee, ya kwanza uliiona wapi, na ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mti gani? Gurudumu lilikuwa na mpira au lilikuwa mbao tupu? Nani aliweka tairi, na nani baada yake aliongeza springi kwenye usukani?